Mtoto Mkubwa Kuliko Mama: Viluwiluwi wa Amerika Kusini Wanaoshikilia Rekodi

Mwaka 1734, mjini Amsterdam, mwuza dawa aitwaye Albertus Seba alianza kuchapisha vitabu vikubwa vya picha za viumbe aliowakusanya kutoka pande zote za dunia. Miongoni mwa picha hizo zimo zinazomwonyesha chura wa Amerika Kusini akigeuka kuwa samaki. Kwanza yuko chura kamili, kisha chura mwenye mkia, kisha mkia unanenepa na miguu inapungua, hadi mwisho anabaki samaki. Leo ni rahisi kumcheka. Mimi namwona kama mtu aliyepanga vitu kwa hesabu ya kila mfugaji: ndama ni mdogo kuliko ng'ombe, na kifaranga ni mdogo kuliko kuku. Mbele yake alikuwa na chura mdogo na kiumbe mwenye mkia aliyemzidi urefu mara tatu. Nani angethubutu kusema kwamba yule mkubwa ndiye mtoto?

Ndiye mtoto. Mwaka 1758 Linnaeus alimpa chura huyo jina lenye maana ya kitendawili, na mpaka leo anaitwa Pseudis paradoxa. Anaishi katika mabwawa na vinamasi kuanzia kisiwa cha Trinidad, kupitia bonde la Amazon, hadi kaskazini mwa Argentina. Chura mzima ana urefu wa sentimita sita au saba hivi. Kiluwiluwi wake hufika sentimita 20 na zaidi, na wapo waliopimwa wakakaribia 25. Hakuna chura mwingine duniani mwenye kiluwiluwi mrefu kiasi hicho.

Siri yake ni wakati wa kukua. Chura wa kawaida hutoka majini akiwa mdogo kama punje ya maharage, kisha hutumia miezi au miaka nchi kavu akijijenga. Pseudis humaliza karibu ukuaji wake wote akiwa bado kiluwiluwi. Anakula mwani na mimea ya bwawa, ananenepa, na mkia wake mpana kama pezi unachukua sehemu kubwa ya urefu wake. Siku mkia unaponywea na kufyonzwa mwilini, anayebaki nyuma ni chura ambaye tayari ana umbo la chura mzima. Kwa hiyo hakuna aliyepungua. Mkia tu ndio umerudi mwilini, na urefu wote umekwenda nao.

Mdomo, na tundu la maji

Kabla ya kuendelea na mabingwa wengine, inafaa tumchunguze kiluwiluwi wa kawaida, yule ambaye watoto humchota kwa kopo baada ya mvua. Tunamzoea mno hata hatumtazami. Mdomoni ana kisahani laini kilichozungukwa na vijinyama vidogo. Katikati ya kisahani kuna taya gumu jeusi linalofanana na mdomo wa kasuku, na juu na chini yake kuna mistari ya vimeno vyembamba mno, mara nyingi mistari miwili juu na mitatu chini. Taya na vimeno hivyo si mfupa. Vimeundwa kwa keratini, ile ile inayounda kucha zetu. Anakwangua mwani kwenye jiwe, maji yanaingia mdomoni, chakula kinachujwa, maji yanapita kwenye matamvua yaliyofichwa chini ya ngozi, kisha yanatoka kupitia tundu dogo ubavuni, upande wa kushoto. Tumbo lake limejaa utumbo mrefu uliojiviringa, kama ilivyo kwa walaji wengi wa mimea. Miguu ya nyuma huota nje na kuonekana, lakini ile ya mbele hukua kwa siri ndani ya chumba cha matamvua, halafu siku moja huchomoza ikiwa imekamilika.

Mwaka 1953 mtaalamu Grace Orton alitumia mambo mawili kati ya hayo, mdomo na tundu, kuwagawa viluwiluwi wa dunia nzima katika makundi manne. Kundi la kwanza halina taya gumu na lina matundu mawili, moja kila upande. La pili pia halina taya gumu, ila tundu lake ni moja, chini ya tumbo kwenye mstari wa katikati. La tatu lina taya na vimeno, na tundu liko katikati ya tumbo. La nne lina taya na vimeno, na tundu liko kushoto. Amerika Kusini inao wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa tatu wanaishi Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia. Mwaka 1960 Kenneth Gosner akaongeza kipimo cha umri: hatua 46, kuanzia yai lililorutubishwa hadi chura asiye na mkia. Wataalamu wa viluwiluwi bado huzungumza kwa namba zake. Ukisema hatua ya 42, anayekusikiliza anajua miguu ya mbele imeshatokeza.

Baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba makundi ya Orton si koo kamili za asili. Hata hivyo hayajatupwa, na kwangu uzuri wao uko hapa: yanakufanya umtambue mara moja kiumbe anayekataa kukaa ndani yake. Wengi wa mabingwa wa Amerika Kusini ni wakaidi wa namna hiyo.

Ndugu wa ng'ambo ya bahari

Kundi la kwanza lina kisa kinachogusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Familia ya Pipidae inaishi sehemu mbili tu za dunia: Afrika kusini mwa Sahara, na Amerika Kusini pamoja na Panama. Vyura wa kucha wanaoishi katika madimbwi ya nyanda za juu za Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria ni ndugu wa damu wa Pipa wa Amazon. Mabara hayo mawili yaliwahi kuwa nchi moja, na bahari iliyoyatenga ni changa kuliko ukoo huu. Kiluwiluwi wa chura wa kucha ana sharubu mbili ndefu kama kambare. Viluwiluwi wa Pipa hawana sharubu hizo, lakini mdomo mlaini usio na taya gumu na matundu mawili ya maji wanavyo vilevile.

Lakini aliye maarufu zaidi, Pipa pipa, haachii kiluwiluwi hata mmoja majini. Dume humsaidia jike kuyabandika mayai mgongoni, ngozi inavimba na kuyafunika, na kila yai linabaki katika chumba chake. Ndani ya chumba hicho kiluwiluwi anaota mkia, mkia unafyonzwa, na baada ya miezi mitatu au minne mgongo wa mama unatoboka kama sega la nyuki na vyura wadogo wanachomoza, kichwa kwanza. Ndugu zake wadogo, kama Pipa carvalhoi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, hubeba mayai vivyo hivyo lakini huwatoa watoto mapema, wakiwa viluwiluwi wa kuogelea. Katika jenasi moja unaziona njia zote mbili.

Bomba refu kuliko yote

Ningeulizwa nimchague kiluwiluwi mmoja wa kuoneshwa kila mwanafunzi wa biolojia, nisingemchagua mkubwa. Ningemchagua Otophryne, chura anayefanana na jani kavu, wa vijito vya nyanda za Guiana, katika nchi za Venezuela, Guyana, Brazil na Kolombia.

Kwa ukoo, Otophryne ni wa familia ambayo viluwiluwi wake ndio hasa kundi la pili la Orton: wasio na vimeno, wenye tundu moja chini ya tumbo, wanaoelea katikati ya maji na kuchuja vijimea visivyoonekana kwa macho. Yeye ameenda kuishi ndani ya mchanga. Amejizika chini ya kijito, na tatizo lake ni kupumua na kula bila kujaza mchanga mdomoni. Jibu la kwanza ni meno. Ana safu za meno membamba yaliyochongoka kama sindano, na mtu akiyaona mara ya kwanza atamdhani ni mla nyama mkali. Hayaumi kitu: yanasimama kama wavu, yakizuia chembe za mchanga na kuruhusu maji yenye chakula yapite. Jibu la pili ni tundu. Kwa kiluwiluwi wa kawaida ni kishimo tu ubavuni. Kwa Otophryne limerefuka likawa bomba linaloning'inia kushoto mwa mwili na kunyooka kuelekea mkiani, ili maji yaliyotumika yatolewe mbali. Hakuna kiluwiluwi mwingine anayejulikana mwenye bomba refu namna hiyo. Wassersug na Pyburn walieleza maisha yake kwa kina mwaka 1987.

Mdomo mpana kuliko wote

Magharibi mwa Paraguay, kuingia Argentina na Bolivia, kuna nchi kavu ya miiba iitwayo Chaco. Mvua hunyesha kwa msimu, madimbwi hujaa kwa haraka na hukauka kwa haraka. Humo anaishi Lepidobatrachus, chura bapa mwenye mdomo kama mkoba uliofunguka. Jenasi hiyo ilielezwa mwaka 1899 na Mwingereza kijana, John Samuel Budgett, ambaye baadaye alizunguka Afrika, Uganda ikiwemo, akitafuta mayai ya samaki mmoja wa kale, na akafariki mwaka 1904 kwa homa alizoambukizwa safarini.

Viluwiluwi wengi ni wakwanguaji. Wachache hung'ata nyama kwa taya. Huyu wa Lepidobatrachus anameza windo zima likiwa hai, na windo hilo mara nyingi ni kiluwiluwi mwingine anayekaribia ukubwa wake. Mdomo wake unakaribia upana wa kichwa chote. Taya gumu la keratini halina kazi kwake na limetoweka karibu kabisa, maana anayemeza mzigo mzima hahitaji kukwangua. Badala ya utumbo mrefu ana tumbo la chakula linalotoa asidi na kimeng'enya cha kuyeyusha nyama, kiungo ambacho viluwiluwi wengine hukipata wakati wa kugeuka vyura. Halafu kuna matundu ya maji: anayo mawili, kulia na kushoto, kama wa kundi la kwanza, ingawa kwa ukoo hana uhusiano wa karibu nao. Katika madimbwi yanayokauka, mlaji wa nyama hukua upesi, na huyu hukamilisha safari yake ndani ya wiki chache tu.

Wa kwanza kusikika

Binamu yake, Ceratophrys ornata, anaishi kwenye nyika za Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil. Watoto wake nao ni wala nyama, lakini wamebaki na taya kali na vimeno vingi. Tatizo lao ni dhahiri: dimbwi moja, ndugu mamia, wote wana njaa na wote wana meno.

Mwaka 2011 Guillermo Natale na wenzake kutoka La Plata walitangaza kwamba viluwiluwi hawa hutoa sauti chini ya maji. Ni mlio mfupi, mkavu, kama chuma kimegongwa, na hutolewa kiluwiluwi anapoguswa na mwenzake. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba kiluwiluwi wa chura anaweza kuwasiliana kwa sauti majini. Maana inayoelekea kuwa kweli ni kwamba mlio humwambia ndugu yake aache, kwa kuwa viluwiluwi hawa hushambuliana wao kwa wao kidogo kuliko wanavyowashambulia wageni. Naifikiria mara kwa mara picha hiyo: maji ya tope kwenye malisho ya ng'ombe, giza chini ya uso wake, na vilio vidogo vya chuma.

Wa juu kuliko wote

Katika milima ya Vilcanota nchini Peru barafu inarudi nyuma, na inapoondoka huacha mabwawa mapya. Mwaka 2007 Tracie Seimon na wenzake waliandika kwamba vyura wa spishi tatu wamepanda na kuyafikia mabwawa hayo, kwenye mita zaidi ya 5,200 juu ya usawa wa bahari, na Pleurodema marmoratum akafika kwenye mita 5,400. Kilele cha Mlima Kenya, Batian, kina mita 5,199. Viluwiluwi wao basi wanaogelea juu kuliko jiwe la juu kabisa la Batian, usiku maji yakiganda, mchana jua likiwachoma. Hakuna amfibia wanaojulikana kuishi juu zaidi.

Watafiti hao hao walikuta huko juu kitu kingine, kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis.

Wenye kushika jiwe, na kuvu wa mdomoni

Kushuka kidogo kwenye mteremko wa Andes, vijito vinaporomoka kwa nguvu ya kumwangusha mtu. Humo wanaishi watoto wa Atelopus, vyura wadogo wenye rangi kali. Kiluwiluwi wa Atelopus ana mdomo mpana unaong'ang'ania jiwe, na nyuma ya mdomo tumbo lake limegeuka kikombe cha kunyonya. Mkondo unapita juu yake naye hasogei. Kwa kushikilia jiwe ndani ya maji yanayoporomoka, simjui anayempita barani humo.

Kuvu niliyemtaja, aliyepewa jina mwaka 1999, hula keratini. Chura mzima ana keratini ngozini kote, na ngozi ndiyo inayompatia maji na chumvi, kwa hiyo anakufa. Kiluwiluwi hana keratini isipokuwa mdomoni. Kuvu hukaa hapo, vimeno vinadondoka, taya jeusi linapauka, naye mara nyingi anaendelea kuishi. Siku anapogeuka chura na ngozi yake kupata keratini, kuvu anasambaa mwili mzima. Hivyo watafiti wengi huanza kwa kumfungua kiluwiluwi mdomo na kutazama kwa lenzi kama weusi wa taya bado upo. Spishi nyingi za Atelopus zimeporomoka au kutoweka. Atelopus ignescens, ambaye wakazi wa nyanda za juu za Ekuado humwita jambato, alikuwa wa kawaida hata ndani ya bustani za Quito. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akapotea, na akaonekana tena mwaka 2016 tu. Kuvu huyo huyo alikuwepo Kihansi, Tanzania, wakati vyura wa bonde lile walipoporomoka mwaka 2003.

Bwawa dogo kuliko yote

Mnanasi ni mmea wa Amerika Kusini, na ndugu zake wa mwituni, bromelia, huota hata juu ya matawi ya miti. Maji ya mvua hukusanyika kwenye vikwapa vya majani yao. Ranitomeya imitator wa Peru, chura wa sentimita mbili hivi, humbeba kiluwiluwi mgongoni na kumweka katika kijidimbwi kama hicho, maji yasiyojaza kikombe cha kahawa ya barazani. Humo hakuna chakula. Baba hukagua, na akiona mtoto ana njaa humwita mama, naye huja na kutaga yai lisilorutubishwa kwa ajili ya kuliwa. Kiluwiluwi hutikisa mwili kuomba. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba wengi wa wanandoa hao hawaendi nje ya ndoa, jambo ambalo halikuwahi kuonyeshwa kwa amfibia yeyote. Katika jenasi jirani ya Oophaga mama hulea peke yake, na yai lake huwa na sumu pia: Oophaga sylvatica wa Ekuado na Kolombia huwapa watoto kinga kabla hawajaweza kuitafuta wenyewe. Watoto hao wa mayai wamepunguziwa mistari ya vimeno, kwani hawana cha kukwangua.

Katika Guiana ya Kifaransa, Dendrobates tinctorius hupanda na mtoto mgongoni hadi kwenye mashimo ya miti, na viluwiluwi wake wamekutwa kwenye kimo cha mita 20. Chura huyo hazidi urefu wa kidole.

Wasiokuwa na kiluwiluwi, na mwenye baba

Pristimantis ndiyo jenasi yenye spishi nyingi kuliko zote za wanyama wenye uti wa mgongo: zaidi ya 500, nyingi zikiwa za Andes. Wote hutaga nchi kavu, na katika yai hukua chura mdogo moja kwa moja. Kisahani cha mdomo, tundu la maji, vyote vimefutwa. Kundi kubwa kuliko yote limeliacha umbo tunalolizungumzia.

Kusini kabisa, kwenye misitu baridi ya Chile na Argentina, yupo Rhinoderma darwinii, aliyepewa jina la Darwin mwaka 1841. Jike hutaga kwenye majani yenye unyevu. Dume hukaa karibu wiki tatu, na watoto wanapoanza kujisokota ndani ya mayai huwachota kwa mdomo. Hawaendi tumboni. Wanateremka kwenye mfuko wa sauti, ule anaoutumia kuimbia, nao unatanuka chini ya ngozi ya kifua na tumbo. Kwa wiki kadhaa viluwiluwi hukaa humo bila taya gumu, wakipata lishe kutoka kwa majimaji ya baba. Mtu wa kwanza kueleza kwamba mwenye mimba hii ni dume alikuwa Mhispania Marcos Jiménez de la Espada, mwaka 1872. Binamu yake, Rhinoderma rufum, hajaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuvu alipofika kisiwa cha Chiloé, watafiti wa Chile, Ujerumani na Uingereza waliingia msituni wakachukua vyura 53 na kuwasafirisha hadi bustani ya wanyama ya London. Kumi na mmoja kati yao walikuwa madume waliobeba, na safari hiyo ya bahari na anga waliifanya wakiwa na watoto kooni. Walipofika London, ndani ya chumba chenye baridi ya msitu wao, walifungua vinywa na kuwatoa vyura wadogo 33.